Plastiki Ndani ya Bega la Swala

Babangu hakumpiga huyo swala. Naanza na hiyo kwa sababu kila mtu Burat ameshaanza na ile ingine, ati Lokuruka alichukua bunduki ya serikali akaenda kuwinda. Uongo. Uongo mtupu, na mwenye alitengeneza huo uongo ana shamba la nyanya na geti ya chuma, na mimi ndiye nilikuwa namfanyia kazi.

Babangu ni reservist. Wazee bado wanasema homugadi. Serikali ilimpa G3 na risasi ishirini achunge mifugo ya upande wetu, kwa sababu wezi wakikuja, askari wa kweli wanafika kesho yake kuuliza walielekea wapi. Mshahara hana. Ana hiyo bunduki na jina, basi. Bunduki ikitoka kwake, boma tisa zinalala bila mtu wa kuzichunga. Na koti ikisema aliwinda nayo, si bunduki peke yake inaenda. Anaenda yeye pia, miaka.

Sasa sikiza vile ilikuwa.

Jumanne asubuhi mbuzi hata hazijatoka, swala akaingia kwa boma. Peke yake! Swala haji kwa watu, akikuona tu ni vumbi. Huyu alikuja pole pole akasimama katikati ya mbuzi kama amehesabiwa nazo. Halafu akageuka nikaona bega la kushoto. Lilikuwa limefunguka, nyama imechanika pande zote, nzi wamejaa, na mguu unaning'inia tu unafuata mwili. Mamangu Alice akaweka sufuria chini akasema, "Yesu."

Baba akamwangalia huyo mnyama kwa muda. "Huyu ametembea siku mbili," akasema. "Angalia vile damu imekauka chini na juu bado inatoka."

Bunduki ilikuwa ndani, imetundikwa. Hakuigusa. Alichukua mkuki, mara moja tu, swala akalala. Hata mbuzi hazikuruka.

Kwetu Waturkana mnyama akifunguliwa, mzee anatandaza matumbo kwanza. Anasoma. Anaona kama mvua iko karibu, kama adui anakuja, kama kuna mtu wa hii boma ana safari. Babangu anajua hiyo kazi na vijana wetu wa Bulla Pesa, kule mjini, wanaipenda sana kwa simu, kwa sababu wao nyama wanapata buchari, matumbo yameshaoshwa. Siku moja niliweka matumbo ya mbuzi kwa status, watu zaidi ya mia wakaona. Kwa hivyo nikatoa simu. Nikamrekodi akichuchumaa, mikono nyekundu, kidole kikifuata mishipa.

"Kuna barabara hapa," akasema. "Imetoka kwa boma, imeenda mjini. Kurudi kwake sikuoni vizuri."

"Ya nani, Apa?"

"Ya mwanaume, labda. Yangu, labda. Nyamaza nisome."

Sikunyamaza. Niliandika hapo chini, *Burat leo ni swala kwa menyu*, nikaweka emoji za moto tatu na za watu wawili wanacheka, nikatuma. Hata hajamaliza kusoma! Kidole changu kiko haraka kuliko kichwa, na hiyo najua mimi.

Halafu akaanza kukata bega, kisu kikagonga kitu. Akachimba na kucha. Kwanza vikatoka vipande vya shaba, vyembamba kama ile karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Halafu kikatoka kingine kidogo, kina ncha, saizi ya mbegu ya tikiti. Rangi ya machungwa. Plastiki.

"Hii ni nini sasa?" baba akauliza. "Mtoto wa nani amepiga swala na toyi?"

Watu wakacheka. Akaifuta kwa paja, akaiangalia kwa jua, akaitia ndani ya kile kikopo chake cha ugoro, kwa sababu yeye kitu asichojua hatupi.

Mimi sikucheka. Hiyo rangi nilikuwa naijua.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa kwa stoo ya Mawira. Mawira ametoka upande wa Meru, shamba lake linafuata mto, nyanya na vitunguu hadi uchoke kuangalia. Kazi yangu ilikuwa pampu ya maji, na mambo yote ya simu: mbegu, dawa, bei ya soko. Ana bunduki ya leseni, ndogo hivi, nyepesi, ya kuchunga shamba. Akaniita.

"Nako! Wewe ni mtu wa simu. Nitafutie risasi."

"Risasi, boss?"

"Wacha kutoa macho, si ya mtu. Ni hawa swala. Kiangazi imewaleta, wananimalizia nyanya kama wamelima nami. Sasa mwenye duka Nairobi ananiuliza nataka risasi gani. Kwani ziko ngapi?"

Nikakaa juu ya kreti nikatafuta kwa simu. Nasema ukweli, nilifurahia. Ni wazungu wenye ndevu na kofia, wanawinda wanyama kama swala wetu, ni vile tu hao wanyama pembe zao ni kama matawi makavu. Wanabishana juu ya risasi vile sisi tunabishana juu ya mpira. Na wote walikuwa wanasema kitu moja: bunduki ndogo inaweza kuua mnyama wa hiyo saizi, lakini kazi yote iko kwa risasi. Kuna ile nzito, ganda lake la shaba ni nene, pua laini. Hiyo inaingia, inafika kwa moyo, ndio inafunguka. Mnyama anapiga hatua chache, anaanguka. Halafu kuna ile nyepesi ya ncha ya plastiki. Hiyo ni ya panya wa shamba na mbweha. Inapasuka ikigusa tu. Ukipiga mnyama mkubwa nayo kwa bega, inalipukia kwa mfupa, inachana nyama ya juu, haiendi popote. Mnyama anakimbia na hiyo kidonda. Mzee mmoja kwa video alisema anayefanya hivyo aache kushika bunduki. Hiyo niliirudia mara mbili.

Nikamwambia Mawira. "Chukua nzito, boss. Kama lazima upige, chukua nzito."

"Hiyo nzito ikimaliza swala inaenda wapi?"

"Saa zingine inapita."

"Ehe! Na ng'ambo ya fensi yangu kuna nani?"

Ng'ambo kuna kambi ya jeshi. Tangi lao la maji unaliona ukiwa kwa pampu.

"Unataka nitoboe tangi la jeshi?" akasema. "Waje wanibebe na helikopta nikiwa na gamboti? Mimi nataka hiyo inapasuka. Inapasuka, inakaa hapo hapo."

"Lakini hiyo haiui, boss. Inaumiza tu."

"Itaua. Mbele kidogo. Akifia kwa boma ya mtu mwingine si hiyo ni shida ya huyo mtu?" Akacheka hadi akashika tumbo.

Na mimi nikacheka. Hiyo siwezi kuficha. Alikuwa boss, alikuwa anacheka, nikacheka.

Ijumaa ya wiki hiyo akanitumia picha ya boksi kwa WhatsApp. Juu kuna picha ya mbweha, chini yake risasi imechorwa na ncha yake ya rangi ya machungwa. Akaandika: *Ni hii?* Nikajibu: *Hiyo hiyo boss*, na moto moja. Sekunde tatu, nikarudi kwa pampu.

Sasa unaelewa kwa nini sikucheka. Na unajua nilifanya nini Jumanne hiyo? Nilikula. Nilikula mbavu, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nafikiria kazi.

Jumatano saa sita gari ya askari wa wanyama ikasimama kwa boma. Kiongozi wao alikuwa Koplo Gababo, Mborana mrefu, mtaratibu, sauti haipandi. Hiyo ndiyo mbaya, mtu wa kelele unaweza kumjibu. Waliona ngozi, wakaona pembe. Akaomba bunduki. Akatoa risasi moja moja akazipanga kwa mkeka.

"Mzee, hapa ni kumi na tisa. Moja iko wapi?"

"Ilienda na fisi. Mwezi wa kwanza."

"Na fisi iko wapi?"

"Ilienda na risasi."

Majirani wakapasuka kicheko. Gababo hakucheka. "Uliripoti?"

Hakuwa ameripoti. Nani anaenda mjini siku nzima kusema amekosa fisi? Kila reservist wa huku anafanya hivyo, anangojea siku ya kuhesabiwa aseme yote pamoja. Hilo ndilo kosa la babangu, hilo tu, na lilitosha.

Gababo akatoa simu yake. Akacheza video. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, "Ya nani, Apa?" Nikaona moto zangu tatu.

"Nani alirekodi hii?"

Wote waliniangalia.

Walimchukua na viatu vya tairi mguuni. Baba hakuniangalia hata. Alimwambia mama mbuzi zisiende upande wa lugga, ule mto mkavu, basi, akapanda gari.

Alhamisi nilienda kwa Mawira. Nilimpata anapanga kreti, amevaa gamboti zake safi, ananiangalia kama nimechelewa kazini.

"Nako, pampu imekaa tangu asubuhi."

"Boss, babangu ameshikwa kwa sababu ya swala wako."

"Swala wangu? Mimi nafuga nyanya."

"Yule ulimpiga Jumapili. Alitoka kwa fensi yako akafika kwetu Jumanne. Enda umwambie koplo ni wewe. Una leseni, una wakili, una kila kitu. Mzee wangu hana."

Akaweka kreti chini taratibu. "Msichana, sikia. Kuna video. Ndani ya video ni nani ana damu kwa mikono, ni mimi? Ninyi Waturkana swala hamjui kumwacha apite. Hata nyoka mnamaliza. Nani Isiolo hii ataambiwa Mturkana alikula swala aulize nani alipiga?"

"Video ilifikaje kwa askari?"

Akainua mabega. "Wewe uliipeleka kwa dunia yote. Mimi nilisukuma mbele tu."

Yaani ni yeye! Alinyakua kutoka kwa status yangu, akawatumia, akaongeza maneno yake.

"Nitawaambia risasi ni yako."

"Risasi?" Akatoa simu, akanionyesha hiyo picha, na chini yake maneno yangu. "Soma. *Hiyo hiyo boss.* Nani alichagua? Mimi nilikuwa mkulima tu, nimeuliza mfanyakazi wangu mjanja. Ukiniangusha mimi, tunaanguka wawili, na mimi naangukia godoro."

Sijui matusi gani nilimtukana. Ya Kiturkana yote niliyojua, na moja ya Kimeru alinifundisha mwenyewe. Nikavua gamboti alizonipa nikazitupa ndani ya tangi la maji ya kunyunyizia. Nikatoka kwa geti miguu mitupu, mchanga unachoma, na nilifurahia vile unachoma.

Ijumaa asubuhi, ofisi ya askari wa wanyama, mjini. Baba alikuwa kwa benchi bila mshipi. Kesi kwa koti ni Jumatatu. Vitu vyake viko kwa meza ndani ya bahasha ya kaki: mshipi, shanga, kikopo cha ugoro.

"Afande," nikamwambia Gababo, "bunduki ya baba haina risasi ya plastiki."

"Hakuna bunduki ya serikali ina risasi ya plastiki."

"Fungua hicho kikopo."

Baba akainua kichwa. "Nakolong, hiyo ni ugoro yangu."

"Fungua, afande. Mwaga."

Gababo akafungua akamwaga juu ya gazeti. Ugoro ukapanda hewani wote, akapiga chafya, akapiga ingine, askari wa mlangoni naye akaanza. "Wallahi, mzee, hii unanusa ama unaulia nzige?" Baba akacheka kidogo, bila kupenda. Halafu kalamu ya Gababo ikasukuma kitu cha rangi ya machungwa, na vile vipande vya shaba, na hakuna mtu alicheka tena.

"Hii ilitoka wapi?"

"Kwa bega," baba akasema. "Nilifikiria ni toyi."

Gababo akaishika kwa kucha mbili. Akaitazama mpaka nikachoka kungoja. "Hii inatoka Nairobi," akasema. "Kwa boksi ya pesa nyingi. Nani huku ana bunduki ya kula hii?"

Nilikuwa na simu mkononi. Picha iko hapo. Ningeweza kumwambia tu jina, Mawira, aende atafute mwenyewe. Mawira angesema hana hiyo boksi, ameshaitupa kwa mto tangu jana, najua. Bila hiyo picha ni neno la Mturkana na plastiki kidogo. Nikitoa picha, ni mimi pia.

Nikafungua nikaweka simu kwa meza, hapo hapo juu ya ugoro.

Gababo akasoma. Alisoma juu kwenda chini, akarudi juu. "*Hiyo hiyo boss*. Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilimwambia achukue nzito. Akakataa. Halafu nikamwambia ndiyo."

"Ulijua ni ya swala?"

"Nilijua."

"Dada, nikichukua hii simu inakaa. Na wewe nitakuandika. Elewa hiyo kabla sijashika kalamu."

"Andika."

Baba alikuwa amesimama. Sijawahi kuona uso wake hivyo, hata ile siku wezi walichukua ng'ombe wa kaka yake. "Siku ile natoa hiyo kitu kwa bega," akasema, "ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Apa."

"Nikihesabiwa risasi mbele ya mama yako ulikuwa unajua. Nikipanda gari."

"Ndiyo."

Akakaa tena chini akaangalia ukuta.

Gababo aliandika kurasa nne. Akatia plastiki kwa bahasha, simu kwa bahasha ingine, akanifanya nitie sahihi juu, akasema niende nyumbani, nami nitaitwa. Akamwambia baba kula nyama ya porini ni makosa hata kama umeipata imekufa, na hiyo atajibu siku akiitwa, lakini ile ya kuwinda na bunduki ya serikali ameitoa. Bunduki itachunguzwa mtutu, halafu itarudi. Na kuhusu fisi, akasema, fisi ingine akitokea tafadhali aripoti yeye mwenyewe au amtume fisi.

Gari yao ilitoka ikituacha. Sisi tukaenda kwa miguu. Baba mbele, mimi nyuma, kilomita nzima. Halafu akasimama bila kugeuka.

"Ulijua ile nzuri ni gani."

"Nilijua."

"Ile anakufa haraka."

"Ndiyo, Apa."

"Na swala alitembea siku mbili na hiyo takataka ndani. Nzi zinamla akiwa hai. Akatafuta mbuzi asimame nazo asiwe peke yake." Akatema mate. "Wewe ukaandika unacheka."

Akaanza tena kutembea, nikamfuata.

Tulipofika kwa shamba la Mawira, gari ya askari ilikuwa imeziba geti. Wametoa bunduki yake ndogo wameiweka juu ya boneti. Mfanyakazi mmoja alikuwa anatoka na boksi mkononi, ile ya mbweha, kumbe hakuitupa, mjinga, risasi zilikuwa zimebaki nyingi na alizihurumia. Mawira alikuwa anaongea kwa mikono yote miwili. Mkono wangu ukaenda mfukoni kutafuta simu nirekodi uso wake. Mfuko mtupu.

Baba aliona. "Angalia na macho basi," akasema.

Mawira naye akaniona. Akanyoosha kidole, mate yanaruka. "Na huyo! Huyo ndiye alichagua! Mwulizeni huyo!"

Watu wote wa shamba wakageuka, wale nilikuwa nakula nao mchana. Ningeweza kuendelea kutembea. Baba alikuwa ameshapiga hatua tatu. Akasimama, akanirudishia macho kwa mara ya kwanza tangu tutoke mjini.

"Ile barabara kwa matumbo," akasema. "Nilifikiria ni yangu."

Nikavuka nikaenda kwa geti. "Niko hapa," nikamwambia Mawira, kwa sauti ya kila mtu asikie. "Jina limeshaandikwa. Nakolong Lokuruka. Na lako liko juu yake."